Mzee Lugembe na Miundu Ndani ya Damu

Tarehe 30 Juni 1977 Mzee Tobias Lugembe anastaafu, baada ya miaka ishirini na mitatu katika maabara ya hospitali yetu. Nimeombwa niandike mimi, niliyetoka shule juzi tu, kwa kuwa aliyonifundisha bado ni mapya kwangu.

La kwanza lilikuwa hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu. Alisema ni mpagazi: huchukua hewa mapafuni, huishusha kila pembe ya mwili, kisha hurudi kufuata mzigo mwingine. Jeni ndiyo amri ya kumuumba. Mtoto hupewa mbili, moja ya baba, moja ya mama. Zote zikiwa na kasoro, chembe za damu hujipinda kama mundu na mtoto huugua. Mwenye kasoro moja huishi mzima, lakini damu yake ikinyimwa hewa, nayo hujipinda.

Ili kuiona kasoro hiyo, Mzee huweka tone la damu kati ya vioo viwili, huziba kingo kwa nta hewa isiingie, halafu hungoja. Mgeni hushtuka kukuta naye amebana pumzi. Kazi ikiisha, Mzee hufungua dirisha linalotazama njia ya zamani ya misafara, hata mvua ikinyesha.

Mwaka 1974 alipanda treni hadi Igalula, hadubini mapajani. Katika kijiji kipya cha Ujamaa, Masolwa na mkewe Flavia walikuwa wamezika watoto wawili, na wa tatu alikuwa amevimba mikono. Majirani, waliohamia hapo majuzi tu, walimtaka mama yake Masolwa, Bibi Apolinaria, aondoke siku hiyo hiyo. Walisema ni mchawi.

Mzee alitega hadubini juani, akaweka damu ya mtoto. Mwenyekiti Anton alichungulia, akaruka nyuma.

"Miundu! Damu imejaa miundu!"

Watu waligeuka kutazama mlango wa Bibi. Mundu wake wa kuvunia mpunga ulikuwa umening'inia pale. Bibi aliutungua mwenyewe, akauweka chini, akaanza kufunga mzigo.

Mzee akawachoma vidole Masolwa na Flavia, wote wazima. Kisha akajichoma mwenyewe. Walingoja. Chembe za mviringo zikaanza kujipinda, moja baada ya nyingine, katika vioo vyote.

"Hiki cha mwisho cha nani?" aliuliza Anton.

"Changu, Mwenyekiti. Na kwa bibi huyu sijala hata kiazi. Ameniroga saa ngapi?"

Mtu mmoja alicheka, lakini Mzee hakucheka. Aliwaeleza kwamba mtoto amerithi kwa wazazi wote wawili. Wadogo zake yeye Mzee walikufa vivyo hivyo, na mama yake akaitwa mchawi, akafukuzwa. Mama huyo alishika njia ya misafara kuelekea magharibi, mzigo kichwani. Hakuonekana tena.

Bibi Apolinaria alifungua mzigo wake. Yupo kijijini hadi leo, na mjukuu akija kliniki humletea Mzee asali.

Asante, Mzee wetu. Ukae salama nyumbani Cheyo, upate siku nyingi na pumzi ndefu. Dirisha tutaendelea kulifungua. Mama yako akipita, tutamwelekeza unakokaa.