Mama Paskazia na Udongo wa Bugendana

Baba padri, wazee wa kilima, majirani, na nyinyi wenzangu wa shirika la mpunga mliokaa pale nyuma, mimi ni Eliud, mtoto wa kwanza wa marehemu, nimepewa kusoma maisha yake, na nimemwomba Mungu nisifiche kitu.

Mama yetu Paskazia alizaliwa Muyinga tarehe 3 Aprili 1960, kama kadi ya ubatizo inavyosema, katika ukoo wetu wa Batwa wafinyanzi, akaanza shule mwaka 1968, akaiacha darasa la pili kwa sababu hakuna mtoto aliyekubali kukaa benchi moja na Mtwa, ndipo bibi, yaani mama yake, akamtia udongo mikononi. Tarehe 19 Julai 1980 aliolewa na baba yetu Gervasi hapa Bugendana, wakajaliwa watoto watano, tumebaki watatu. Oktoba 1993 tulikimbilia Tanzania, kambini akafinyanga vyungu tukala, baba akafia huko mwaka 2003, na sisi tukarudi Agosti 2008.

Hapa naomba mnivumilie. Niliona haya kuitwa mtoto wa vyungu, na mwaka 2017, nikiwa mjumbe wetu sisi wafinyanzi katika shirika la mpunga, nilitia sahihi lile shimo letu la udongo bondeni liwe shamba la mpunga, bila kumwambia mama, na mimi mwenyewe nikapewa kipande. Alipojua hakupiga kelele, aliniuliza tu kama maharagwe nitayapika ndani ya bidoo, dumu la plastiki, watu wakacheka, nami nikanuna wiki nzima. Tangu hapo alifuata udongo mwendo wa saa tatu, na binti yangu Vumilia akimfuata kwa siri, maana nilimkataza, nikisema vijana wa sasa hawashiki matope.

Tarehe 5 Desemba 2024 mama aliteleza na mzigo wa udongo kichwani, akavunjika nyonga, Vumilia akakimbia kutafuta watu. Alilazwa Gitega siku arobaini, mapafu nayo yakaugua, na pale kitandani alimwonyesha Vumilia kwa donge la ugali jinsi ya kuinua mdomo wa chungu, mimi nikaona, nikatoka nje. Alituacha Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa nne asubuhi, na mpaka siku hiyo hakunitajia tena lile bonde hata mara moja, hilo ndilo linaloniuma.

Ameacha wajukuu kumi na mmoja, na katika vijana wote wa kilima hiki ni Vumilia peke yake anayeijua kazi yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba kwenye machela, na nyinyi wa shirika, ingawa ninalolisema sasa litawakasirisha. Kipande changu ni cha tatu kutoka mferejini, mpunga umeshashika, na tukishaondoa matanga nitaung'oa kwa mkono wangu, Vumilia achimbe udongo. Najua maji ya shimo yatafurika mpaka vipande vyenu, basi nisemeni mimi, nitoeni shirikani mkitaka, lakini mtoto msimguse.

Mama, nisamehe. Udongo upo, Vumilia yupo, pumzika kwa amani.