Mkebe Mmoja wa Dawa za Moyo

Kwenye basi la Mwatate, mama aliyepandia Miasenyi alimwambia mzee wa kando yake kwamba kesho anapasuliwa henia hospitalini Voi, kwa hivyo dawa zote za moyo ameacha tangu Jumatatu.

"Zote? Daktari ndiye alisema?"

"Alisema niache ile ya kufanya damu iwe nyepesi tu. Ile nyingine niendelee nayo, hata asubuhi ya kupasuliwa. Lakini marehemu mume wangu, Muinde, ndiye alikuwa akizitenganisha. Mimi nilikuwa nakinga mkono tu."

Akafungua mkebe wa majani chai. Vidonge vyote vilikuwa humo, vyeupe vitupu, kama muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Mzee alivaa miwani akavikagua kama fundi wa saa. Miwani yenyewe ilikuwa na kioo kimoja.

"Mama, dawa ya moyo haikatizwi ghafla. Mwambie daktari leo, kabla ya kisu."

"Atanigombeza, halafu aahirishe upasuaji."

"Heri akugombeze. Na watoto je?"

"Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza nameza nini tangu tumzike Muinde."

Basi liliposimama Voi, mama alifunika mkebe polepole, akasimama. "Kwani wewe hushuki hapa?"

Mzee alikuwa anaenda Mwatate.