Chupa Zilizofungwa Mapema

Wazazi wenzangu, mshonaji mmoja alikuwa akisinzia ndani ya basi. Kiti cha mbele, kinyozi alikuwa akimtania seremala aliyepakata ndoo yenye koki: "Kaka, unahamia kisimani?"

"Ya kuchachushia bia. Natengeneza nyumbani, kujiburudisha tu. Shayiri, hamira, sukari. Ndoo naisugua kwa maji moto mpaka ing'ae."

"Basi tukaribishe!"

"Mwezi uliopita nilifunga chupa kabla bia haijamaliza kuchacha. Haraka haraka haina baraka. Moja ilijaa gesi ikapasuka, kigae kikamwingia binti yangu jichoni. Jicho limekwenda."

Kinyozi aliguna. "Pole, ndugu yangu. Ndoo hiyo si uitupe?"

"Ndoo ina kosa gani? Mikono yangu ndiyo yenye kosa."

"Itupe! Mtoto ataionaje kila siku?"

"Yeye ndiye anayeniuliza nitatengeneza lini tena."

Usingizi ulimruka mshonaji. Asubuhi ile mwanawe alikuwa amemwonyesha chupa kumi na mbili za bia aliyoitengeneza mwenyewe, chini ya kitanda cha mjukuu, kizibo kimoja kimeanza kutuna, naye mshonaji akamsifu. Wale wawili walikuwa bado wanabishana basi liliposimama. Kituo hakikuwa chake, lakini alishuka, akavua viatu, akarudi nyumbani mbio.