Msichana wa Kwenye Video ya Barafu

Mbele ya duka la vipuri vya mafriji kuna benchi refu la mbao, na kila asubuhi, kabla kazi hazijachanganya, hukaliwa na watu wale wale. Yupo Kocha, ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote ila hakuna mchezo asioujua. Yupo Dobi, anayepiga pasi kibanda cha pili. Na yupo Fundi Friji, mwenye karakana nyuma ya duka. Mama Kahawa huwamiminia kahawa huku akiwasikiliza. Siku hiyo jua lilikuwa limeanza ukali mapema, na Kocha alikuja mbio mbio, simu mkononi.

— Jamani, mmeiona hii? Nchi yetu imepeleka mtu kwenye mashindano ya kuteleza barafuni!

— Barafu gani tena? — Dobi akauliza. — Hii tunayotia kwenye juisi?

Vichwa vikakutana juu ya simu. Msichana aliyevaa nguo ya kumeremeta aliingia kwenye uwanja mweupe, akazunguka, akaruka, akaanguka vibaya. Video ikakatika hapo hapo. Kocha akairudia. Msichana akaanguka tena. Wakacheka mpaka Dobi akajimwagia kahawa.

Fundi Friji naye alicheka. Alichelewa kidogo kuanza, lakini alicheka. Yule msichana alikuwa binti yake; alimjua hata kabla hajageuza uso, kwa namna alivyotanguliza bega moja, mama yake mzazi mtupu, Mungu amrehemu. Tangu mashindano yaishe, siku kadhaa sasa, binti alikuwa akipiga simu na baba akiiacha iite. Hapa kijiweni alishawaambia kwamba mtoto yuko nje anasomea uhasibu. Angewaambiaje kuwa mtu mzima yule anajizungusha mbele za watu kwa viatu vyenye makali ya chuma?

— Tatizo ni damu — Kocha akatangaza. — Sisi damu yetu ya moto. Ukisimama juu ya barafu dakika mbili tu, inayeyuka, unabaki kwenye dimbwi. Wataalamu wanajua, wanatuficha.

— Acha hizo! Tatizo ni uwanja. Nipeni mimi ule ukumbi wa sinema uliofungwa. Namwaga povu la sabuni sakafuni, watu wanateleza mwaka mzima. Tena bila umeme.

— Povu si barafu, Dobi.

— Kuteleza ni kuteleza!

— Nisikilize mimi. Tuchimbe shimo. Chini kabisa huko kuna baridi. Uwanja unakaa chini ya ardhi, watazamaji wanashushwa kwa kamba, kila mtu na koti lake. Na makoti unafua wewe.

— Hapo sasa umesema!

— Fundi, baridi ndiyo kazi yako. Mbona umetununia?

— Leteni mafriji yote ya mjini, tuyafungue milango kwa pamoja — alisema, kwa uchangamfu uliomshangaza mwenyewe. — Mtaa mzima unaganda, tunateleza mpaka kazini.

Wakampigia makofi. Mama Kahawa peke yake hakucheka.

— Lakini kaumia, maskini. Sijui wazazi wake wanajisikiaje.

— Wazazi gani? — Dobi akasema. — Mzazi mwenye akili timamu angemwacha? Eti Fundi, wewe una binti. Ungemwacha?

Kikombe kilikuwa karibu na mdomo. Angeweza kunywa tu na kuyaacha yapite.

— Wangu ana akili zake. Huyo sijui kaokotwa wapi.

Alitegemea kicheko, hakikuja. Mama Kahawa alikuwa anatazama nyuma ya Fundi.

— Shikamooni.

Binti alisimama pale na begi begani, mkono mmoja umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Wakaitikia marahaba kwa sauti za chini. Kocha akaitazama simu, akamtazama binti, akaitazama simu tena, kisha akaifunika pajani.

— Baba, nimekupigia mpaka nimechoka. Nikasema labda simu imeharibika, bora nije mwenyewe.

Fundi akainuka. Akanyoosha mkono kumpokea begi, akaurudisha. Binti alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi? Amesikia nini? Uso wa mwanawe haukumwambia kitu, na kumuuliza hakuthubutu.

Binti alikuwa ameshaiona video kabla Kocha hajaifunika. Akatabasamu.

— Kumbe na nyie mmeiona! Hapo nilianguka kweli kweli, nikajua mkono umekwenda. — Akaketi pembeni mwa benchi, akauegemeza mkono mbovu gotini. — Lakini nikainuka. Baba, watu wote ukumbini walisimama! Watu ambao hata hawanijui. Mliona nilivyomalizia?

Kocha akakohoa. Dobi akaanza kujipapasa mifuko kana kwamba amepoteza kitu. Binti akamtazama huyu, akamtazama yule, bado ana hamu ya kusikia, mwisho macho yake yakatua kwa baba yake.

— Baba, wewe je? Uliona?

Mama Kahawa akainama, akaanza kukusanya vikombe, vingine bado vina kahawa.