Maisha ya Mwinjilisti Yoramu Mgaya, Yote Kama Yalivyokuwa

Wachungaji, ndugu na majirani mliofika hapa Mahongole, naitwa Polikarpo Mgaya, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome maisha yake, pamoja na sehemu ambayo jana tuliombwa tuiruke.

Marehemu Yoramu Mgaya alizaliwa hapahapa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba, akamaliza shule ya msingi mwaka 1967, akalima na baba yetu, kisha mwaka 1972 akaenda Kidugala kusomea uinjilisti, akahitimu mwaka 1974. Tarehe 18 Septemba 1976 alifunga ndoa na Oktavia Mlowe, Mungu akawajalia watoto wanne, Lightness, Brayson, Hilda na Stanley.

Mwaka 1985 alitumwa Kilwa, kwenye kijiji cha Waislamu watupu, akahubiri huko miaka kumi na minne, na aliyembatiza ni mmoja tu, kijana Hassani, mwaka 1991. Baba yake Hassani, Mzee Mnali, alitaka kumfukuza mwanawe nyumbani, marehemu akaenda kuketi barazani kwake siku tatu mfululizo, akimweleza kwamba kijana hakununuliwa wala hakushurutishwa, amechagua mwenyewe, na bado ni mtoto wake. Hassani hakufukuzwa.

Marehemu alirudi nyumbani mwaka 1999, Lightness akabaki Kilwa akifundisha shule, na Desemba 2003 akapanda basi kuja kumweleza baba yake kwa kinywa chake kwamba amesilimu, sasa anaitwa Latifa. Marehemu hakufurahi, wala hatutamsingizia leo kwamba alifurahi, alibishana naye Biblia mkononi hadi sauti ikakauka, akalia, siku mbili hakugusa chakula, na siku ya tatu akamsindikiza stendi Makambako, begi la binti yake begani mwake, mchana kweupe.

Wazee wa usharika wakamwita, wakamtaka amkane binti yake mbele ya washarika, la sivyo aache kuhubiri. Akasimama, akawaambia, "Nilimwambia Mzee Mnali asimfukuze mwanawe. Mnataka nirudi nimwambie nilikuwa natania?"

Tangu siku hiyo hakupewa tena mimbari, wala hakuhama kanisa, kila Jumapili aliketi benchi la mbele kabisa, akiimba kuishinda kwaya.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na kisukari, mwaka 2023 akakatwa mguu wa kushoto, na aliyeacha kazi Kilwa akaja kumwogesha, kumfunga kidonda na kumsomea Zaburi kila asubuhi macho yalipofifia, ni Latifa. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wainjilisti wenzake mliokuja kumwona hata mlipokatazwa. Mlioomba Latifa asiketi na familia kwa sababu ya ushungi wake, mnamwona, yuko kulia kwa mama yake, na baada ya mama ndiye atakayetupa udongo, marehemu aliagiza hivyo mbele ya mashahidi, asiyeweza kutazama, njia iko wazi.

Kaka, pumzika kwa amani, watoto wako wote wako hapa.