Shahada Niliyoishuhudia Kabla ya Kuiomba

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu, na salamu kwenu mnaosoma haya mkiwa Korogwe, Mazinde na hata huko Handeni mjini. Naitwa Neema, wa Kabuku. Mchungaji ameniomba niandike ushuhuda wangu ili vijana wa sharika nyingine nao wausome. Naanza na upumbavu wangu, maana wengi wenu mnaujua tayari na mnasubiri kuona kama nitauruka. Siuruki. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikashuhudia kwamba Mungu amenipa nafasi chuo kikuu kusomea Sheria. Wakati nasema hivyo, nilikuwa sijaomba chuo chochote.

Kanisani kwetu tuna desturi ya kushuhudia kwa imani. Mtu anashukuru kwa jambo kabla halijaja, na kanisa linaitika pamoja naye. Ni desturi nzuri. Mimi niliichukua nikaondoa maneno mawili tu, yale ya "kwa imani." Binti aliyenitangulia siku ile alishuhudia kupata uuguzi, akinamama wakampigia vigelegele mpaka mama yangu akageuka kuniangalia. Miguu yangu ikasimama bila kunishauri.

Na hali yangu ilikuwa hivi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimefaulu kiasi, nikakaa nyumbani. Nikisema nilikaa, naomba mnielewe: nilikaa hasa. Mwaka wa kwanza nilisema napumzika. Mwaka wa pili sikuwa tena na la kusema, nikawa nafagia uwanja asubuhi na jioni ili nionekane nina shughuli. Safari yangu ya mbali ilikuwa dukani ng'ambo ya barabara kuu, na hata huko nilirudi mbio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Mabasi yanapita mbele ya nyumba yetu kila siku kwenda kila mahali, na sikuwahi kutamani hata moja. Niliogopa kuondoka kwa mama. Sheria niliisema kwa sababu ni neno fupi, linasikika vizuri na linapigiwa vigelegele.

Tangu siku ile mama yangu akaitwa Mama Wakili. Akaanza kuvaa kitenge kizuri hata siku ya kazi. Mimi nikawa naletewa kesi. Huyu mpaka wake wa shamba umesogezwa, yule mpangaji hataki kutoka. Wote niliwajibu "subiri kwanza," neno pekee la kisheria nililokuwa nalo. Ndugu zangu, walisubiri kweli. Mpaka leo najiuliza ni mipaka mingapi ilisogea wakati watu wananisubiri mimi.

Basi ikabidi uongo nao ufanyiwe kazi. Dirisha la kwanza la udahili lilipofunguliwa niliomba vyuo kadhaa, na kote nikajaza Sheria, ili ule ushuhuda wangu ugeuke kuwa kweli kwa nyuma. Sikupata. Wenye alama nzuri kuliko zangu walijaza nafasi zote. Nilipoulizwa nikasema majibu hayajatoka. Nikaomba Mungu anisaidie, lakini kwa uoga, kama mtu anayemwomba mwenye duka huku amemwibia sukari.

Sasa sikilizeni namna Bwana alivyonitoa.

Ulikuja mkutano mkubwa wa akinamama hapa Kabuku. Akinamama wa Kwashemshi walishuka na ndizi zao, maharage yao na miko yao wenyewe. Mimi nilikimbilia jikoni, maana hakuna anayemuuliza habari za chuo mtu mwenye moshi machoni. Siku ya kwanza mambo ya jikoni yaliharibika. Aliyegawa nyama alikuwa Mama Elia, kiongozi wa kwaya yetu, na kwaya yetu ilikula vizuri sana. Wageni kutoka Handeni na Kwashemshi walipofika kwenye sufuria wakakuta mchuzi mtupu. Wa Kwashemshi wakasema tuna dharau, wetu wakasema wao wamekuja kutafuta kasoro. Kufikia jioni sufuria za Kwashemshi zilikuwa zimeoshwa na kufungwa kwenye kanga, tayari kurudi milimani. Na wao ndio nusu ya wapishi.

Asubuhi niliwahi kabla yao. Sikuwa na cheo chochote, ila kwa kukaa nyumbani miaka miwili nilikuwa nawajua wale akinamama kuliko wanavyojijua. Wa Kwashemshi niliwaomba wabaki na ndizi na maharage, wapike kwa namna yao, na mtu wetu yeyote asiguse mwiko wao. Mama Elia nilimtaka akae mlangoni apokee wageni.

"Nani amekuweka mkubwa wa jiko?" akaniuliza.

"Hakuna, mama. Ila wageni wanakuulizia wewe."

Hiyo ilikuwa nusu kweli. Walimuulizia kwa sababu ya nyama. Lakini Mama Elia ana sauti na anapenda kuonekana, na mlangoni vyote viwili vilipata kazi.

Ikabaki nyama. Kila niliyemfikiria alikuwa na kwaya yake, ukoo wake au benchi lake. Nikamwita jirani yetu, Mama Hadija. Yeye ni Mwislamu. Mume wake ndiye aliyekuwa ametuchinjia mbuzi wa mkutano, kama ilivyo kawaida yetu hapa ili majirani wote waweze kula, na yeye mwenyewe alikuja kusaidia kuchambua mchele tu. Nikamwamkia, nikamweka mbele ya sufuria, nikampa upawa. Akauangalia ule upawa, akaniangalia mimi, akaanza kugawa.

"Vipande viwili, mchuzi, pita. Vipande viwili, mchuzi, pita."

Akafika mtu wa kwaya na sahani iliyoinuliwa. "Mama Hadija, niongeze, nimeimba tangu asubuhi."

"Kwani unaimbia tumboni? Pita."

Nyama ilitosha watu wote. Jioni wa Kwashemshi hawakufunga kitu. Walikuwa wanamcheka Mama Elia alivyowapokea wageni kama harusi ni yake, na yeye mwenyewe anacheka.

Nilikaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, nikafungua simu. Dirisha la pili la udahili lilikuwa limefunguliwa na lilikuwa karibu kufungwa. Nikapitia orodha ya kozi tena. Kulikuwa na shahada ya rasilimali watu na maendeleo ya uongozi. Nilishaipita mara nyingi, kwa sababu ni jina refu, na nani atampigia mtu vigelegele kwa rasilimali watu? Mara hii nikasoma maelezo yake. Kumweka kila mtu kwenye kazi inayomfaa. Kusikiliza migogoro kazini. Kuwaandaa wanaoongoza. Ndugu zangu, sikusikia sauti kutoka juu. Nilisikia mtu anasugua sufuria. Lakini nilijua, kama unavyojua kwamba mlango huu ni wa kwenu hata gizani.

Lakini niliogopa mambo mawili. Chuo chenyewe kiko mkoa mwingine, mbali na mama. Na nikiomba kozi hiyo, lazima nifute Sheria mbele ya wale wale walioipigia vigelegele, mama yangu akiwa amekaa benchi la tatu.

Nilimwambia tukiwa tunachambua maharage.

"Mama, Sheria sijapata."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Aliyepata hajifichi jikoni." Akatupa kokoto. "Na hiyo unayoiangalia kwenye simu kila saa inaitwaje?"

Nikaitaja yote. Akaokota kokoto nyingine. "Ndefu. Sasa mimi wataniitaje?"

"Mama Neema, kama zamani."

"Haya. Jumapili utasimama mwenyewe, mimi sikusemei." Akainamia ungo, na niliona jina la Mama Wakili linamtoka kwa uchungu. Hapo ndipo nilipolia, si siku ile niliyokosa chuo. Usiku huo huo nikaomba kozi.

Jumapili nikasimama. Nikasema siku ile ya ushuhuda sikuwa nimepata Sheria, sikuwa hata nimeomba, nilitaka vigelegele. Nikasema nimeomba rasilimali watu na sijui kama nitapata. Hakukuwa na kigelegele hata kimoja. Nyuma mtu alikohoa, na nadhani ni yule mwenye mpangaji. Mchungaji akasimama, akasema kwa upole, "Imani ni kusema Mungu ataweza. Wewe ulisema amekwisha kufanya. Hapo katikati ndipo uongo ulipokaa, mwanangu. Leo umetoka." Kisha akaniombea, na kanisa likaitika amina ya kawaida tu. Ndugu zangu, ile amina ya kawaida ilinitosha. Tangu muda ule nikalala usingizi.

Nafasi nimepata. Hii siishuhudii kwa imani, mama ameiona kwa macho yake kwenye simu na akaniambia nisome mara mbili. Naondoka mwezi huu. Bado naogopa, sitawadanganya tena. Lakini namshukuru Mungu aliyenifungua kutoka kwenye vifijo vya watu, akanipa kazi niliyokuwa naifanya tayari bila kujua ina jina. Nawashukuru nanyi mlionisubiri. Sasa msinisubiri tena, nendeni kwa mawakili wa kweli. Na wewe kijana unayechagua kozi kwa sauti inayotoa kanisani, mwamini Bwana, kaa naye chini, mwambie ukweli kwanza. Haoni aibu kwa jina refu.

Juzi nilikwenda kumuaga Mama Hadija. Nikamweleza ninachokwenda kusomea, namna ya kupanga watu na kuwaongoza, nikamwambia yeye ndiye mtu wangu wa kwanza kumpanga. Alikuwa anaanua nguo. Hakugeuka. Akasema:

"Kupanga watu unajua. Kuwauliza kama wanataka ndiyo hujui. Hiyo ndiyo ukasomee."