Suruali ya Kupandia Baiskeli na Fundi Aliyeko Ngomeni

Mgeni rasmi, Bwana Liwali wetu, subalkheri.

Sisi mafundi nguo wa baraza la Dunda, hapa Bagamoyo, tunakusalimu kwa adabu zote na tunashika miguu yako, ila ule wa kushoto tutaushika taratibu, maana tumesikia bado unauma.

MAKARIBISHO

Karibu barazani kwetu. Kahawa ipo, tende zipo, na kama halua imekuwa ngumu ni kwa sababu aliyeisonga alikuwa akitetemeka. Hatukufichi, Bwana: tunaogopa. Tangu jana, askari wako alipotwambia kwamba utakuja mwenyewe kuitazama nguo mpya, tumelifagia baraza hili mara tatu. Utaona pia kwamba kila fundi ana mkeka chini ya kwapa. Usidhani tunahama mji. Sababu yake tutaieleza mwishoni, Mungu akitupa pumzi ya kufika huko.

Msomaji wetu ni Mwinjuma bin Kombo, mkubwa wa baraza, aliyemfundisha kila mmoja wetu kushika sindano. Tulitaka asome mwingine, akakataa katakata. Na ukisikia anatajwa humu kama mtu wa mbali, ni yeye aliyetuomba tuandike hivyo. Alisema akisoma "mimi, mimi," sauti itamkatika kabla ya nusu.

HISTORIA YETU

Baraza hili limeishi kwa kanzu na vizibao. Mwinjuma alifika mjini na mkasi mmoja na jicho kali. Mtu mkubwa hakumgusa kwa kamba ya kupimia, haifai. Alimtazama tu akipita kwenda msikitini, akarudi akakata, na kanzu ikakaa. Na kila nguo ya mkubwa aliiongeza kitambaa, kipimo cha mkono mzima toka kiwiko mpaka ncha za vidole, kwenye pindo la chini. Kitambaa hicho hakina kazi yoyote ila kuonyesha kwamba mwenye nguo si mtu wa kubanabana. Sisi tunauita mkono wa heshima. Hakuna aliyewahi kutulaumu kwa huo mkono, na laiti tungelaumiwa mapema.

Mwezi wa Shaabani forodhani ikashushwa baiskeli yako, magurudumu mawili na mnyororo katikati, ya kwanza kuonekana pwani hii. Ukaagiza nguo ya kuipandia siku ya Idi, mbele ya wageni kutoka Unguja. Nguo ya kupandia chombo! Punda anapandwa kwa kanzu, ngazi inapandwa kwa kanzu, sisi tulijua wapi? Mwinjuma akacheka, akamtuma fundi wetu Mrisho akaitazame.

MAFANIKIO

Mrisho ni mwanafunzi wa mwisho wa Mwinjuma na, wallahi, ndiye aliyempita mwalimu wake. Alikaa uani kwako asubuhi nzima. Kukupima wewe hakuthubutu, basi akaipima baiskeli: toka kwenye kiti mpaka kwenye kanyagio likiwa chini, toka kwenye kiti mpaka pale pa kushikia. Akarudi macho yamemtoka, hataki chakula, hataki mazungumzo. Akashona siku tisa.

Nguo aliyoitoa, Bwana, hatujaona mfano wake. Kizibao ni kirefu nyuma kuliko mbele, kwa kuwa mpandaji anainama na mgongo unabaki wazi. Kwapani ametia kipande cha chandarua ili jasho lipate njia. Suruali ni ya kitambaa kizito cha hudhurungi, na sehemu ya kukalia ina ngozi laini ya mbuzi, bila mshono hata mmoja, maana kiti kile ni kigumu na mshono ungekutoa malengelenge. Magotini kuna nafasi ya kukunja na kukunjua. Chini, kifundoni, imebana kwa vifungo vinne, haina pindo la kuning'inia.

Hapa ulimi wetu unakuwa mzito, lakini tutasema. Hiyo sehemu ya kifundoni Mrisho hakuitoa kichwani. Aliitoa kwenye suruali ya marinda ya mkewe, Zaina. Tafadhali, Bwana, usiinuke. Tusikilize kwanza.

TAABU ILIYOTUPATA

Mrisho aliileta nguo ile barazani, akaikunjua mbele ya Mwinjuma. Mwinjuma alipokiona kifundo, damu ilimpanda.

"We Mrisho, una wazimu? Unataka kumvika Liwali nguo ya mkeo?"

"Mwalimu wangu, tazama gurudumu," akasema Mrisho.

"Gurudumu lina haya? Watu ndio wenye haya! Atachekwa yeye leo, na kesho tutalia sisi."

Mrisho akasogea kwenye cherehani yetu, yenye lile gurudumu kubwa chini, akaliachia pindo la kanzu yake karibu nalo, akakanyaga. Gurudumu likaikamata kanzu, likaivuta na kuitafuna, nusura limwangushe. Akaivaa ile suruali, akauweka mguu palepale, akakanyaga mpaka cherehani ikalia. Gurudumu halikupata kitu.

Mwinjuma aliona. Tunaomba neno hili lisipite hivihivi: aliona kwa macho yake mawili, akajua kwamba mwanafunzi wake yuko sawa. Lakini alikuwa akifikiria vicheko vya wageni, na uso wako ukigeuka, na sisi wote kufungiwa baraza. Aliogopa. Akasema, "Kaifukie mbali. Shika mkasi, kata kanzu ya bafta, na mkono wa heshima usiusahau." Sisi wengine sita tulikuwa tumekaa hapohapo tukitunga nyuzi. Hakuna aliyefungua kinywa. Mrisho akakata, huku amejiinamia.

Siku ya Idi ukapanda. Ulikwenda hatua ishirini, labda na tano, na watu wakapiga vigelegele. Kisha ule mkono wa heshima ukaingia kwenye mnyororo. Mengine unayajua kuliko sisi. Mguu ulipoteguka tuliona. Kanzu ilipochanika mpaka kiunoni hatukuona chochote, na mji mzima umeapa kwamba haukuona.

Jioni ileile askari wako walisimama hapa mlangoni. "Aliyekata nguo ni nani?" Hawakuuliza aliyeamuru, waliuliza aliyekata. Kwa desturi yetu mwenye mkasi ndiye mwenye nguo, basi macho yote yakamwendea Mrisho. Mrisho akamtazama Mwinjuma mara moja tu. Mwinjuma alifungua kinywa, amekwisha kulishika neno, na kilichotoka ni kikohozi. Mrisho akasimama, akasema, "Ni mimi," akavaa makubadhi yake, akatoka nao.

Leo ni siku ya kumi na moja yuko ngomeni. Zaina anapeleka chakula ngomeni kila asubuhi, anapita mbele ya baraza hili. Mwinjuma anamtolea salamu na Zaina haitikii. Mwanamke aliyekuwa akitutania sote, akituita vipofu wenye sindano, sasa anapita kama hapa pana ukuta. Mwinjuma hawezi kukata tena. Akishika mkasi, mkono unamcheza, na vitambaa viwili vya watu amekwisha viharibu.

Juzi tukasikia kwamba Jumamosi Mrisho atapelekwa Unguja na wafungwa wengine. Waliopelekwa mwaka jana hatujamwona hata mmoja akirudi. Siku ileile likaja agizo lako la nguo nyingine, kwamba utapanda tena mbele ya wageni walewale. Tukaulizana nani atashika mkasi. Ndipo Zaina akaingia na bunda, akalitupa katikati yetu.

"Hii hapa. Mume wangu hakuifukia," akasema. "Kama mna nyuso, mpelekeeni Liwali, mumwambie na ilikotoka."

Tulishauriana sana kuhusu hilo la mwisho. Mwenzetu Alawi alisema tunyamaze, tuseme ni mtindo wa Ulaya. Lakini kila mwanamke wa Bagamoyo atakitambua kifundo hiki toka mbali, na utasikia kwa wengine. Zaidi ya hayo, tumeshanyamaza mara moja, na unajua kilichotokea.

MAOMBI YETU

Nguo iko ndani ya kikapu hiki, mbele yako. Imekamilika, isipokuwa vifungo vya mguu wa kushoto, kwa kuwa mguu wako umevimba na lazima nafasi yake ibadilishwe. Tumejaribu sisi na tumeshindwa. Anayejua vipimo vya baiskeli ile ni Mrisho peke yake.

Tunakuomba, kwanza kabisa, hata ukitukasirikia, hata ukilifunga baraza hili leo, usipande tena na kanzu. Hilo tunakuomba kwa ajili ya shingo yako. Umepona mara moja, na hatuna hakika na ya pili.

Tunakuomba Mrisho. Atoke kabla ya Jumamosi, akae hapa, ashone vifungo vyake vinne. Hakukosa. Alijua, akasema, akaonyesha, akakatazwa. Aliyemkataza ndiye anayekusomea karatasi hii. Ametutaka jina lake liandikwe kwa ukamilifu ili askari wasikosee mtu tena: Mwinjuma bin Kombo, wa Dunda, nyumba ya pili kutoka kisimani.

Na sisi sita tuliokuwa tukitunga nyuzi hatutaki kujitoa. Mikeka uliyoiona ni ya kulalia. Ikiwa ngome lazima iwe na mafundi, basi tumekuja tayari, tumewaaga wake zetu, na Mrisho arudi kwa mkewe. Tunasema hivi tukiogopa, Bwana. Hatukungoja woga uishe, kwa kuwa tumeona hauishi.

Mwenyezi Mungu akuponye mguu, akuepushe na kila anguko, akupe safari ndefu juu ya magurudumu yako na vicheko vya furaha nyuma yako. Amina.

Ni sisi mafundi nguo wa baraza la Dunda, Bagamoyo, Mfunguo Mosi. Tuliopo hapa ni saba. Wa nane yuko ngomeni.

Maandishi yanaishia hapa. Sasa msomaji ataiweka karatasi chini, na atasema kwa kinywa chake lile neno alilolikohoa siku ile. Tafadhali, Bwana, mpe nafasi. Mwinjuma, sema.

"Ni mimi."